Madoa ya pezi hayatoshi kumjua dume

Wiki hii nimeipokea tena ile picha. Samaki kapigwa picha kwa ubavuni, mwenye tangi kazungushia duara jekundu madoa ya njano kwenye pezi la chini nyuma, na chini yake ujumbe: "Kaka, huyu si dume? Mbona hawazai?" Safari hii ni mtu wa Ilazo, hapa Dodoma. Aliuziwa demasoni sita, samaki wadogo wa mapambo wa Ziwa Nyasa, akaambiwa madume ni wawili na majike wanne, na muuzaji aliwagawa kwa kuhesabu madoa mbele ya macho yake. Nilipokwenda kuwaangalia walikuwa wamebaki watatu, na wote watatu ni madume. Demasoni wakijaa madume kwenye tangi dogo huuana mmoja baada ya mwingine, tena usiku, asubuhi unakuta mizoga huna hata wa kumlaumu.

Basi naandika jibu refu, ili nikiulizwa tena nitume kiungo.

Nazungumzia sikilidi, ukoo ule ule wa perege na sato, lakini wale wadogo wa mapambo: mbuna wa miamba ya Ziwa Nyasa, ndugu zao wa Tanganyika, na furu wachache wa Victoria. Imani kwamba "mwenye madoa ndiye dume" ina asili yake. Mwaka 1962 mtafiti Mjerumani Wolfgang Wickler alieleza kwamba madoa yale ya duara yanafanana na mayai. Jike anataga, anageuka na kuyaokota mayai mdomoni, kisha anaona "mayai" mengine kwenye pezi la dume. Anayadonoa, dume anaachia mbegu, na mayai yanarutubishwa humo humo kinywani. Ukikaa mbele ya tangi siku wanapotaga utaona jinsi wanavyozungukana, dume kalaza pezi lake mchangani na kutetemeka, jike pua yake imeligusa kabisa.

Maelezo hayo ni mazuri, ila watu wakaruka kutoka "dume hutumia madoa" hadi "jike hana madoa". Hakuna aliyesema hivyo. Kwa mbuna wengi jike naye anayo: pengine moja, pengine matatu, pengine yamefifia, pengine yanang'aa kuliko ya mdogo wake wa kiume anayeonewa pale kona ya tangi. Kwa wastani ya dume huwa makali zaidi na yana mviringo uliokolea pembeni, nakubali. Lakini wastani haukusaidii ukiwa umeshika samaki mmoja mkononi unataka kujua kama utoe hela. Isitoshe, majaribio ya miaka ya karibuni kwa burtoni wa Tanganyika yameonyesha kwamba madoa humsaidia dume kuwatisha madume wenzake pia. Hata kwa dume mwenyewe, basi, kazi ya madoa si moja.

Wakishaachana na madoa wanakimbilia rangi. Kenyi, Metriaclima lombardoi, vifaranga wote na majike ni bluu yenye mistari, na dume akikomaa anageuka njano. Saulosi ni kinyume chake: wote wanaanza njano, dume ndiye anayegeuka bluu yenye mistari myeusi. Weka aina hizo mbili tangi moja, shikilia kwamba bluu ni dume, uone utakavyowagawa. Demasoni, ambao makwao ni miamba ya Pombo huku kwetu upande wa Tanzania, wote ni bluu na mistari, jike kwa dume. Wale wa njano wanaopendwa na kila mtu, Labidochromis caeruleus, watu wanauziana kwa weusi wa mapezi ya tumbo. Weusi ule unafuata ubabe. Dume mnyonge anafifia, jike mbabe anakolea.

Hapo kwenye ubabe ndipo panapozaa imani nyingine inayonichosha: kwamba samaki "amebadili jinsia". Kisa huwa kile kile. Dume mkubwa anakufa au anauzwa, baada ya siku chache mmoja wa "majike" anaanza kupata rangi za kiume, na mwenye tangi ananipigia akiwa amestaajabu. Huyo hakubadilika. Alikuwa dume tangu mwanzo, amevaa rangi ya jike ili asiuawe. Dume mmoja akishika tangi, wengine hunywea. Wapo wanaokaa hivyo mwaka mzima na zaidi. Ndiyo maana ukimwona "jike" ambaye hajawahi kubeba mayai tangu umnunue, mshuku kabla hujaanza kulaumu maji au chakula.

Mtego mwingine wa rangi unatengenezwa na watu. Jike wa Aulonocara, sikilidi mwingine wa Ziwa Nyasa, kwa kawaida ni wa kijivu, hana mvuto wowote dukani. Kuna wauzaji wanaowalisha samaki wadogo chakula chenye homoni ya kiume ili wang'ae mapema. Unampeleka nyumbani, miezi inapita, rangi inafifia, na uzazi wake huenda umeshaharibika. Aulonocara wa sentimita tano aliyekamilika rangi zote, mwache hapo hapo dukani.

Rangi moja tu ndiyo ninayoiheshimu: ile ya mabaka, mwili wa chungwa au krimu wenye madoa meusi yaliyotapakaa, kwa mbuna jamii ya zebra. Utafiti uliotoka mwaka 2009 ulionyesha kwamba jeni ya mabaka hayo imekaa jirani na jeni inayoamua ujike, hivyo hurithiwa pamoja. Karibu wote wenye mabaka ni majike. Madume wa mabaka wapo, ni wachache, na mara nyingi mwili wao una ubluu.

Ukubwa nao usikudanganye. Julidochromis marlieri wa Tanganyika, jike ndiye mkubwa. Lamprologus callipterus wa ziwa hilo hilo, dume ni jitu linalokusanya makombe ya konokono na majike wake ni wadogo kiasi cha kuingia ndani ya makombe hayo. Wote ni wa ziwa moja, na kanuni ya ukubwa imeshakufa.

Kinachobaki ni kumgeuza samaki na kumtazama matundu. Usimlishe siku moja kabla, asije akakunyea mkononi ukashindwa kuona kitu. Lowesha mikono. Mshike ndani ya wavu uliolowa, tumbo juu, kichwa kimefunikwa na kiganja. Akiwa gizani anatulia. Mtu wa pili amulike kwa tochi ya simu kutoka pembeni, isiwe kutoka juu, maana mwanga wa juu unamezwa na magamba. Piga picha ya karibu na umrudishe majini mara moja. Utaisoma picha ukiwa umekaa.

Kuanzia upande wa kichwa, tundu la kwanza ni la haja. La pili, linalopakana na pezi, ni la uzazi. Kwa dume yanakaribia kulingana, au la pili ni dogo zaidi, kama ncha ya kalamu. Kwa jike la pili ni pana, limekaa kiyai, mara nyingi linalizidi la kwanza, kwa sababu mayai ya mbuna ni makubwa na yanapita hapo.

Wanaofuga perege kwenye mabwawa hapa huniambia wao walifundishwa kuhesabu: jike matundu matatu, dume mawili. Kwa perege ni kweli, kwa kuwa jike tundu lake la mkojo limetengana na la mayai, na kwenye samaki wa kiganja kizima utaliona, hasa ukipaka rangi kidogo. Kwa mbuna wa sentimita saba usihangaike kulitafuta la tatu kwa macho. Linganisha upana wa yale mawili.

Nisichokipenda kwenye vitabu ni ile michoro yao, dume kushoto, jike kulia, kila kitu peupe. Samaki mkononi hafanani na mchoro. Jike aliyetoka kutaga hata mtoto atamtambua, tundu liko wazi. Jike mwali ambaye hajawahi kutaga anaweza kukusumbua hata ukiwa mzoefu, na chini ya sentimita tano mimi simtolei mtu jibu, hata anibembeleze. Ndiyo maana huwa nageuza wanne watano wa aina moja na rika moja, picha nazipanga pamoja. Samaki mmoja peke yake hakupi cha kulinganisha. Na bado kuna ninayemwandika "sijui" na kumrudisha tangini mpaka akue.

Kuzalisha kwenyewe si kugumu. Acheni tu kuniomba "pea" ya mbuna kama mnanunua njiwa. Mbuna hawaoani. Dume mmoja na jike mmoja, dume humfukuza jike mchana kutwa mpaka amuue. Weka dume mmoja kwa majike watatu, wanne au zaidi, tangi la lita 200 kwenda juu, mawe yarundikwe mpaka karibu na juu. Pea ni ya Julidochromis, ya brichardi, na ya Eretmodus, ambao mama hubeba mayai mdomoni kwanza, kisha humkabidhi baba amalizie. Hao nunua sita wadogo, waache wachaguane wenyewe.

Maji ya Dodoma tuliyo nayo ni bahati yetu. Yale ya visima vya Makutupora ni magumu, angalia gamba jeupe ndani ya birika lako la chai, na samaki wa Nyasa na Tanganyika ndiyo wanayoyataka. Yalaze usiku mzima yakiwa na pampu ya hewa ili klorini itoke, inatosha. Kinachotusumbua ni baridi ya Juni na Julai, usiku unashuka mpaka nyuzi 13 au 14, kwa hiyo hita ni lazima. Kwenye nyuzi 26 jike wa mbuna hubeba mayai mdomoni kwa takriban wiki tatu. Utamjua kwa koo lililovimba na taya linalotafuna bila chakula. Usimhamishe wiki ya kwanza, atayameza. Subiri wiki mbili zipite, mtoe usiku taa zikiwa zimezimwa. Jike wa mara ya kwanza akimeza mayai usimwuze; wengi hutulia kwenye uzao wa pili au wa tatu.

Vifaranga wakitemwa wanakula siku hiyo hiyo: artemia (vijidudu vidogo vya maji ya chumvi) au chakula cha wakubwa kilichosagwa unga laini. Unga wa dagaa usiuzoeshe kwa mbuna wakubwa wala Tropheus wa Tanganyika, ni walaji wa mwani na matumbo yao huvimba. Mchicha uliochemshwa kidogo wanaufurahia.

Na vifaranga hao ukianza kuwauza wakiwa sentimita tatu, nne, usimwandikie mteja dume wala jike. Mwuzie wanane kwa pamoja, mwambie jinsia haijajulikana, na akija baada ya miezi sita au saba na ndoo yake umsaidie kuwageuza.