Weupe chini ya dekali hautokani na gundi mbovu

Waundaji wengi wa modeli za ndege za kivita huamini kwamba dekali, yaani alama nyembamba ya kubandika inayoloweshwa majini kwanza, ikikauka na ukungu mweupe, gundi yake imekufa. Hapa Dar es Salaam lawama huenda pia kwa unyevu wa pwani.

Dekali iliyozeeka huwa ya njano au hukatika vipande majini. Ule weupe ni jambo lingine: karibu kila mara ni hewa. Rangi isiyong'aa, kama kijani na kahawia ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ina uso wenye vinundu vidogo mno. Utando wa dekali hukaa juu ya vinundu hivyo, hewa hubaki chini yake, na mwanga ukiipiga huonekana mweupe.

Kwa hiyo uso ulainishwe kwanza. Paka vanishi ya kung'aa, tabaka mbili nyembamba, ikauke kabisa. Wakati wa masika ipe siku ya ziada, na hapo ndipo unyevu unapohusika kweli. Kisha lowesha mahali, telezesha dekali, kamua maji kutoka katikati kwenda pembeni. Vanishi isiyong'aa huja mwisho.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Paka kijiko cha plastiki rangi isiyong'aa, nusu yake uiongezee vanishi ya kung'aa, kisha bandika vipande viwili vya dekali moja, kimoja kila nusu. Gundi ni ileile; tofauti utakayoiona imetokana na uso.

Iliyokwisha kupata weupe, itoboe kwa ncha ya sindano na udondoshee dawa ya kulainisha dekali.