Je, wajua kwa nini paka mwenye mafua hukataa hata omena?

Jirani yako wa Kisumu akikwambia kwamba paka wake anapiga chafya, macho yanamtiririka machozi, na ameitazama sahani ya omena kisha akaondoka, jambo hilo la tatu ndilo la kukutia wasiwasi zaidi. Chafya na kamasi humchosha paka, lakini njaa inayofuata inaweza kumwua.

Paka huamua kula kwa kutumia pua. Ulimi wake una vionjeo mia chache tu, ilhali wa binadamu una maelfu, wala hauhisi utamu wa sukari hata kidogo. Kwa hiyo pua ikiziba kwa kamasi, chakula kilichowekwa mbele yake hakimvutii tena, hata awe na njaa kiasi gani. Katika visa vingi ugonjwa huu huletwa na virusi vya aina mbili, herpesi ya paka na kalisi, na hivi vya pili huongeza vidonda vya ulimi na kinywa vinavyofanya kutafuna kuwe mateso. Virusi hivyo haviambukizi binadamu, ingawa mikono na nguo zetu huweza kuvipeleka kwa paka mwingine.

Mwili wa paka asiyekula huyeyusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini, ambalo haliwezi kuyashughulikia yakija kwa wingi, hivyo hujaa mafuta na kushindwa kufanya kazi. Hatari hii inaweza kuanza baada ya siku 2 au 3 tu, hasa kwa paka mnene.

Ndiyo maana uuguzi wa nyumbani huanzia puani. Chovya pamba au kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu, lainisha kamasi iliyokauka, kisha pangusa taratibu. Kwa macho, tumia kipande kipya kwa kila jicho. Baada ya hapo, kaa naye katika bafu dogo lililofungwa mlango, pamoja na sufuria ya maji moto iliyowekwa mahali asipoweza kuifikia, avute mvuke kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku. Usimwinamishe juu ya sufuria, wala usimfunike kwa blanketi. Watu wengi wa magharibi mwa Kenya hujifukiza kwa majani ya mkaratusi wanapopatwa na mafua, lakini mafuta ya mkaratusi ni sumu kwa paka; maji matupu yanatosha. Mweke pia mbali na moshi wa jiko la makaa, na huko Nakuru, ambako Juni na Julai huwa na baridi kali, mtandikie blanketi mahali pasipopitisha upepo.

Mara tu pua inapofunguka, mpe chakula. Omena inafaa sana kwa sababu ya harufu yake kali, mradi ioshwe mchanga, ichemshwe bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, ipondwe pamoja na supu yake, na ipewe ikiwa vuguvugu. Vitunguu vya aina zote huharibu damu ya paka, kwa hiyo mboga iliyokwisha kuungwa kwa ajili ya familia haimfai.

Kosa linaloniumiza zaidi, kwa kuwa hufanywa kwa upendo, ni kumpa parasetamoli. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachohitajika ili kuitoa dawa hiyo mwilini salama, na matokeo yake ni sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu hadi zishindwe kubeba oksijeni. Ufizi hugeuka kahawia au samawati, uso huvimba, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumwua paka mzima. Ibuprofeni na aspirini nazo zisiguswe. Antibiotiki haziui virusi. Daktari wa mifugo huziagiza pale bakteria wanapoingilia, na kipimo chake hutegemea uzito wa paka, jambo ambalo dawa iliyobaki kabatini haiwezi kulizingatia.

Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo akipumua kwa mdomo wazi, akimaliza siku nzima bila kula, au jicho likifumba na kuwa na ukungu. Mtoto wa paka aliyelegea asingojeshwe hata hiyo siku moja.

Wengi hupona ndani ya siku 7 hadi 10, lakini herpesi hubaki imejificha katika neva maisha yote, na chafya zinaweza kurudi paka anapohamishwa nyumba au anapoletewa mwenzake mgeni. Virusi vya kalisi navyo hudumu sakafuni na kwenye vyombo kwa siku nyingi, na sabuni ya kawaida haivimalizi. Osha kwanza, kisha tumia jiki, sehemu 1 kwa sehemu 32 za maji, uiache kwa dakika 10 na kusuuza vizuri kabla paka mwingine hajala katika sahani ileile.