Kuchora mito ya Kigoma: Mahale ni rahisi, kazi iko Moyowosi

Data ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, hupatikana bure, na kila pikseli ina upana wa mita 30 hivi. Yatosha kuanzia.

Amua kwanza kanda ya UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda za longitudo. Longitudo 30 mashariki inaukata mkoa: Ilagala, karibu na mdomo wa Malagarasi, iko kanda 35 Kusini, Uvinza iko 36. Mimi huweka kila kitu kwenye 36, kwa kuwa sehemu kubwa ya bonde la Malagarasi, hadi Tabora, iko huko. Kigoma mjini umbali utazidi kwa mita moja na ushei kila kilomita, na ramani ya mito hulivumilia hilo.

Kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, ziba mashimo (pikseli zilizo chini kuliko jirani zake zote), tafuta mwelekeo wa maji, kisha hesabu pikseli zinazomwagia maji kila pikseli; zikiwa nyingi, hapo pana kijito. Pikseli 1,111 ni kilomita 1 ya mraba. Kwenye milima ya Mahale, kilele cha Nkungwe kikiwa mita 2,462 na Ziwa Tanganyika mita 770 hivi, vijito hutoka safi. Kagua tu makorongo: rada hutazama kwa ubavu, na mlima ukiikinga huacha pikseli tupu.

Kwenye kinamasi cha Moyowosi kompyuta hudanganya. SRTM hutunza mwinuko kwa mita kamili, na kinamasi hushuka chini ya mita moja kwa masafa marefu. Tena rada hiyo haikupenya mafunjo; ilipima majani. Matokeo yake ni mistari iliyonyooka sambamba kama matuta ya viazi. Ifute yote, usiirekebishe.

Chora mkondo kwa mkono juu ya picha za setilaiti ya Sentinel-2, za pikseli za mita 10, za kiangazi, mafunjo yakiwa kijani katikati ya nyasi kavu. Jihadhari na makovu ya moto: ni meusi kama maji, hivyo linganisha na picha ya kabla ya nyika kuungua. Halafu punguza mwinuko wa SRTM kwa mita 10 kufuata mstari huo na urudie hesabu. Mstari ukikatika hata pikseli moja, maji hutuama hapo. Data iliyochimbwa hivyo usipimie mteremko.

Majina ya mito yachukue kwenye ramani za zamani za 1:50,000, lakini hizo hutumia Arc 1960, msingi wa zamani wa kupimia mahali. Ukizisoma kama WGS84, msingi wa GPS, kila mto utahama mita 300 hivi.