Waliolazwa wengi wamechanjwa, sasa chanjo ya korona ina faida gani?

Hili swali wagonjwa wameniuliza mpaka nimechoka. "Daktari, mbona wodini wengi wamechanjwa?" Na anauliza kwa kujiamini kabisa, kama kesi imeshaisha.

Jamani, hebu tupige hesabu. Chukulia wazee 10,000, waliochanjwa 9,500, wasiochanjwa 500. Tuseme asiyechanjwa akipata korona, katika kila 10 analazwa mmoja, na chanjo inapunguza hiyo hatari kwa asilimia 90. Sasa wote wakaambukizwa. Wale 500 watalazwa 50, wale 9,500 watalazwa 95. Ukipita wodini unakuta waliochanjwa karibu mara mbili ya wenzao, unatoka unatangaza chanjo feki, wakati bila chanjo hao hao wangelazwa 950! Yaani usihesabu vitanda tu, uliza kwanza kila kundi lilikuwa na watu wangapi. Na pale ambapo kila mtu kachanjwa, waliolazwa wote watakuwa wamechanjwa hata wakiwa wawili tu, sasa hapo utasemaje?

Halafu wanachomekea: "Si mlituambia asilimia 95?" Hiyo namba ni ya jaribio la chanjo ya Pfizer la 2020, watu zaidi ya 43,000, nusu wakachomwa chanjo nusu maji ya chumvi, waliougua wakawa 8 upande wa chanjo na 162 upande wa maji ya chumvi. Haimaanishi kila waliochanjwa 100 wataugua 5, inamaanisha hatari ilishuka kwa asilimia 95 ukilinganisha na wenzao. Na walikuwa wanahesabu walioumwa na kuonyesha dalili, sio kila aliyeingiwa na kirusi. Omicron, aina nyingine ya kirusi cha korona, ilipokuja mwishoni mwa 2021 ikawa inakwepa antibodi (protini za mwili zinazokamata kirusi), kinga ya kutoambukizwa ikashuka ndani ya miezi michache, ila kinga ya kutozidiwa ikadumu zaidi maana seli T (zinazoua seli zilizoingiwa na kirusi) na seli za kumbukumbu bado zipo kazini. Kulala nyumbani wiki nzima na homa ni taabu, sikatai, lakini sio sawa na kuwekewa mashine ya kupumulia.

"Nilichanjwa Jumatatu, Ijumaa nikaumwa, sindano ndo imenipa korona." Hapana. Chanjo za mRNA kama hiyo ya Pfizer, zinazoupa mwili maelekezo tu ya kutengeneza kipande cha kirusi, hazina kirusi ndani, na kinga inachukua kama wiki mbili kujijenga, kwa hiyo kirusi ulikipata kwingine kinga haijakaa sawa.

"Mimi nilishaumwa, inatosha." Kuumwa kunakupa kinga kweli, ila nayo inafifia, na dozi baada ya hapo inaiongezea nguvu.

Waliopandikizwa figo na wanaotumia dawa za kushusha kinga, nyie nawasisitizia kila siku: mwili wenu mara nyingi hauitikii chanjo vizuri, kwa hiyo msikae mkategemea sindano peke yake. Ukiona dalili pima siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa ya kutibu korona kama Paxlovid inatakiwa ianze ndani ya siku 5 tangu dalili zianze, na lazima tuangalie kwanza kama inagongana na dawa zako. Njoo siku ya kwanza au ya pili, sio ya nane.