Wanane wa Prestwick: Je, ubingwa wa gofu wa mwanzo ulikuwa mwepesi?

Kazi yangu ni kuchambua rekodi za gofu, na hakuna hoja inayonichoma kama ile inayodai kwamba mabingwa wa karne ya 19 walishinda kwa kukosa wapinzani. Wanaoishikilia hutaja namba moja tu: tarehe 17 Oktoba 1860, kwenye uwanja wa Prestwick huko Scotland, waliojitokeza kugombea ubingwa wa kwanza wa Mashindano ya Wazi ya Uingereza walikuwa 8. Leo mashindano hayohayo huanza na wachezaji 156. Wengi huona ubishi umekwisha hapo. Kwangu mimi hapo ndipo unapoanza.

Tazama matokeo ya siku ile. Uwanja ulikuwa na mashimo 12, wakauzunguka mara 3, yakawa mashimo 36 kwa siku moja. Katika gofu mwenye mikwaju michache zaidi ndiye mshindi, na Willie Park wa Musselburgh alimaliza kwa mikwaju 174. Tom Morris mkubwa, mtunza uwanja wa hapohapo Prestwick, alipata 176, na Andrew Strath 180. Wa nne alipiga 191. Wa mwisho alipiga 232, yaani mikwaju 58 zaidi ya bingwa.

Kwa hiyo palikuwa na mashindano mawili ndani ya moja. Watatu waliweza kushinda, watano wakajaza orodha. Na miaka iliyofuata ilithibitisha hivyo: kuanzia 1860 hadi 1867 ubingwa uligombewa mara 8, Morris akautwaa mara 4, Park mara 3, Strath mara 1. Hakuna mtu wa nne aliyepenya. Kisha akaja kijana wa Morris, Tom mdogo, akashinda 1868, 1869 na 1870, na kwa kanuni ya wakati ule aliyeshinda mara 3 mfululizo aliuchukua mkanda, zawadi ya bingwa, ukawa mali yake. Mwaka 1871 ubingwa haukuchezwa. Mwaka 1872 akashinda tena. Mashindano 12, washindi 4, wawili kati yao baba na mwana.

Ndiyo maana huwa natenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: je, waliokuwa bora kuliko wote wa zama zile walikuwepo uwanjani? La pili: nyuma yao walikuwepo wangapi ambao wangeweza kushinda siku ikiwaendea vizuri? Kwa swali la pili, Prestwick ilikuwa dhaifu, sibishani. Lakini kwa swali la kwanza ilikuwa imara kuliko mashindano mengi yaliyokuja baadaye. Gofu ya kulipwa ilikuwa kazi ya watu wa miji michache ya Scotland, watu waliotengeneza mipira na vijiti, waliobebea matajiri mifuko, waliotunza nyasi. Walifahamiana wote. Allan Robertson wa St Andrews, aliyehesabiwa kuwa hana mpinzani, alifariki mwaka 1859, na ubingwa wenyewe ulianzishwa mwaka uliofuata, watu wakitaka kujua nani sasa anashika nafasi yake. Hata fedha ya zawadi haikuwepo mwaka ule wa kwanza, mkanda tu, na bado wenye uwezo wa kushinda walifika.

Linganisha na Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sam Snead alishinda 1946 na mwaka uliofuata hakurudi kutetea taji. Ben Hogan alikuja mara moja tu maishani mwake, 1953 pale Carnoustie, akashinda, basi. Peter Thomson wa Australia alipotwaa ubingwa wa 1954, 1955, 1956 na 1958, wengi wa vigogo wa Marekani walikuwa kwao. Orodha ilikuwa ndefu kuliko ya Prestwick mara nyingi, ila kileleni palikuwa na mapengo. Thomson aliijibu shaka hiyo mwenyewe mwaka 1965, alipowashinda Wamarekani waliokuja Royal Birkdale, Arnold Palmer na Jack Nicklaus wakiwemo.

Kuna pia wanaotumia tofauti ya mikwaju. Mwaka 1862 Morris mkubwa alishinda kwa mikwaju 13, nao husema, ona, hakuwa na wa kumfukuzia. Tiger Woods alishinda US Open, yaani Mashindano ya Wazi ya Marekani, ya mwaka 2000 pale Pebble Beach kwa mikwaju 15, na sijasikia mtu akisema wapinzani wake walikuwa wabovu. Tofauti hukuonyesha umbali kati ya wawili. Haikuambii kama umeletwa na ubora wa aliye mbele au unyonge wa aliye nyuma.

Ili kulijua hilo, mimi huurudia uwanja wenyewe. Mwaka 1870 Tom mdogo alimaliza mashimo 36 ya Prestwick kwa mikwaju 149. Waliomfuata walikuwa na 161, yaani 12 nyuma. Je, walikuwa dhaifu? Hiyo 161 ingemshinda kila bingwa wa 1860 hadi 1867, maana bora kati yao, Strath wa 1865, alipiga 162. Upepo na hali ya nyasi hubadilika mwaka hadi mwaka, nakubali, lakini uwanja ulikuwa uleule wa mashimo 12. Ushindani ulikuwa unapanda, na kijana yule alipanda kwa kasi zaidi. Hadi 1891, mwaka wa mwisho wa ubingwa wa mashimo 36, hakuna bingwa aliyeifikia 149 yake. Alifariki siku ya Krismasi ya 1875 akiwa na miaka 24.

Wingi wa wenye uwezo wa kushinda ulikuja miaka ya 1890. Mwaka 1892 mashimo yakawa 72, mwaka 1894 ubingwa ukachezwa England kwa mara ya kwanza, na mwaka 1898 ukaanza mchujo wa kuwaondoa walioachwa nyuma kabla ya mashindano kuisha. Katika mazingira hayo Harry Vardon, J. H. Taylor na James Braid walitwaa mataji 16 kati ya 21, kuanzia 1894 hadi 1914. Mataji 6 ya Vardon nayapa uzito kuliko 4 ya Morris mkubwa. Tom mdogo simweki chini ya mtu.

Udhaifu wa kweli wa mwanzo nauona upande wa pili wa bahari. US Open ya kwanza, Newport mwaka 1895, ilikuwa na wachezaji 11, na Horace Rawlins, Mwingereza wa miaka 21, akashinda. Vigogo hawakuwepo. Vardon na Taylor walipovuka mwaka 1900, walishika nafasi ya kwanza na ya pili.

Na kuna waliozuiwa. Katika US Open ya mwaka 1896, kwenye uwanja wa Shinnecock Hills, wachezaji kadhaa walitishia kujitoa kwa sababu John Shippen, kijana mweusi wa miaka 16, na Oscar Bunn wa kabila la Shinnecock walikuwa wameandikishwa. Rais wa chama cha gofu cha Marekani, Theodore Havemeyer, akawaambia mashindano yatafanyika hata wakibaki hao wawili peke yao. Wakacheza wote, na Shippen akamaliza ndani ya kumi bora. Baadaye chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kiliandika katika katiba yake kwamba wanachama ni wazungu tu, na kifungu hicho kilidumu hadi 1961. Mataji ya Marekani ya miaka hiyo nayapima nikikumbuka hilo.