Povu jingi halitoi grisi kwenye kapeti

Jana tena. Dada mmoja anayesimamia ofisi maeneo ya Posta hapa Dar kanipigia, kapeti ya mapokezi ina njia nyeusi kutoka mlangoni mpaka kaunta, kaniambia "kaka njoo na sabuni kali, uweke ya kutosha, mi nataka nione povu." Hii kauli nimeisikia mahotelini, migahawani, ofisi za watu wenye elimu zao, na kila nikieleza naonekana nabania sabuni. Leo naandika.

Povu ni hewa iliyofungwa kwenye sabuni, basi. Kinachofanya kazi ni sabuni yenyewe, upande mmoja inashika mafuta upande wa pili inashika maji, afu maji yakiondoka yanaondoka na mafuta. Shika hapo kwenye YAKIONDOKA. Nguo unaisuuza mara tatu kwenye beseni na unaikamua, sasa kapeti iliyogundishwa sakafuni unaikamulia wapi? Ile sabuni ya unga mliyomwaga Ijumaa jioni mkasugua na fagio imebaki humo humo, imekauka, inanata, na Jumatatu watu wanaingia na viatu vyenye vumbi la barabarani. Baada ya wiki tatu pale mlipoosha pamekuwa peusi kuliko ambapo hamkugusa, mnasema kapeti feki, mnaongeza sabuni. Kapeti haina kosa, mnailisha gundi.

Kama unabisha chukua taulo jeupe, lilowanishe maji ya uvuguvugu tu bila kitu chochote, sugua kidogo pale kwenye njia nyeusi. Ukiona povu limetokea ujue hiyo ni sabuni ya zamani. Kuna mgahawa niliwahi kufanya, eneo la kutoka jikoni kuelekea mezani, grisi ya chipsi imetembea na soli za wahudumu mpaka nyuzi zimelala. Mashine yangu nikaanza nayo na maji matupu, tangi la maji machafu likajaa povu hadi ikabidi nizime, nikamwaga, nikarudia, mara tatu. Sijaweka hata tone la sabuni na tayari rangi ya kapeti imeanza kuonekana! Mwenye mgahawa alikuwa amesimama pale pale ananiangalia.

Na kwa Dar kuna jambo la maji. Maji mengi ya visima hapa yana chumvi za madini, yaani ni magumu, sabuni ya mche au ya kipande ikikutana na maji magumu inatengeneza ule utando mweupe unaouona kwenye ndoo, nao unabaki kwenye nyuzi vile vile. Kama huna maji laini basi usiguse kapeti na sabuni ya mche, nakuomba.

Grisi inatoka hivi. Kwanza vakyumu, kapeti ikiwa kavu kabisa, tena pole pole sio kupita mbio, maana mchanga ukishalowa unakuwa tope na utahangaika nao bure. Grisi nene kwangua na kijiko. Halafu nyunyiza dawa ya grisi yenye alkali iliyochanganywa kwa kipimo cha kwenye chupa (KIPIMO, sio kwa macho), iache dakika 10 mpaka 15 na isikaukie pale, muda ndo unaofanya kazi ambayo nyie mnataka ifanywe na povu. Pitisha brashi laini ili dawa ifike chini, kisha mashine ya kunyonya na maji moto. Ukipita mara moja ukimwaga maji, pita mara mbili ukinyonya tu. Mwisho suuza na maji yenye siki nyeupe kidogo, mi naweka nusu kikombe kwenye lita nne, inaua alkali iliyobaki na kapeti inakuwa laini mkononi. Isipokuwa kama ni ya sufu (manyoya ya kondoo), hapo dawa kali za grisi hapana, pH, yaani kipimo cha ukali wa alkali, isipite 8.5 hivi, la sivyo sufu inakakamaa na rangi inahama.

Sasa hii ya pili inayonikera, "fundi ulitudanganya, doa limerudi." Halijarudi, halikuwahi kuondoka. Chai ya maziwa au mchuzi ukimwagika unashuka mpaka kwenye mgongo wa kapeti, juu unafuta kidogo tu, afu mtu anamwaga ndoo ya maji, na wakati wa kukauka maji yanapanda juu kupitia nyuzi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa, yakifika juu yanakauka na uchafu unabaki kileleni. Ndo maana jioni palikuwa pasafi na asubuhi doa hilo hapo. Dawa yake ni maji kidogo, kunyonya sana, kisha unalaza taulo jeupe kavu juu ya sehemu ile unaliwekea kitu kizito usiku kucha, doa linapanda kwenye taulo badala ya kwenye kapeti. Na washeni feni jamani, hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha, msifunge ofisi Ijumaa kapeti ikiwa mbichi halafu Jumatatu mnauliza harufu ya uvundo imetoka wapi.

Nyingine nazipitia haraka.

Jiki. Kuna mtu aliona jiki imetoa doa kwenye kapeti ya polipropilini na rangi haikutoka, kwa sababu nyingi za aina hiyo rangi inawekwa kwenye plastiki yenyewe kabla uzi haujatengenezwa, akaenda kuwaambia wenzake wote. Kwenye nailoni itakuachia duara jeupe la milele, sufu inaiyeyusha kabisa. Na usichanganye jiki na siki, inatoka gesi ya klorini, hiyo inaumiza mapafu.

Petroli, thina, mafuta ya taa. Ndiyo, vinayeyusha grisi, vinayeyusha na gundi inayoshika mgongo wa kapeti, baada ya muda mfupi inavimba mapovu chini na kuachia. Tena ndani ya chumba chenye AC madirisha yamefungwa, cheche moja tu ya swichi! Wino wa peni tumia spiriti kidogo kwenye kitambaa cheupe, gusa na uinue, gusa na uinue, usimwage.

Kusugua kwa nguvu zote: unatawanya doa na unachana nyuzi. Anza pembeni ya doa uje katikati.

Bigijii: barafu kwenye mfuko wa nailoni mpaka igande, ivunje, vakyumu. Usiivute na kucha.

Baking soda na siki kwa pamoja, zile chemchem mnazozipenda kwenye video: vinauana, unabaki na maji yenye chumvi. Tumia kimoja.

Unga wa printa ukimwagika hapo ndo maji moto ni marufuku kabisa, ule unga umetengenezwa uyeyuke kwa joto na kushika karatasi, sasa utashika kapeti. Nyonya ukavu, na vakyumu yenye filta nzuri maana ya kawaida inautema tena hewani.

Halafu kuna ile mistari inayong'aa, kwenye ofisi zinazohamisha meza hamisha meza. Dada wa jana naye anayo, miwili mirefu karibu na kaunta, kasema "na hii grisi utoe." Nikamwambia apitishe kidole, pagumu, panateleza kama plastiki. Kapeti yao ni polipropilini, inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 na kitu, na kabati zito likiburutwa msuguano wenyewe unatosha kuunguza ncha za nyuzi. Hapo hakuna uchafu wa kuosha. Bahati yao kapeti ni ya vigae, yaani vipande vipande vinavyotoka kimoja kimoja, tumekubaliana nitoe vile vigae vinne vilivyoungua niweke vya chini ya kabati la mafaili, na vya kuungua viende huko chini.