Gamba Peke Yake Halitoshi

Kila nikiletewa picha ya gamba la konokono wa jenasi ya Littorina, konokono wadogo wa ufukweni, na kuulizwa ni spishi gani, jibu langu huwaudhi watu: mnyama mwenyewe yuko wapi?

Mchukue Littorina saxatilis. Penye kaa wengi huwa na gamba kubwa, nene, lenye mdomo mdogo. Hatua chache tu kutoka hapo, kwenye mwamba unaopigwa na mawimbi, gamba lake ni dogo, jepesi, na mdomo umepanuka ili mguu mpana upate kung'ang'ania. Ni spishi ile ile. Tangu mwanasayansi Olivi alipomwelezea mwaka 1792 amepachikwa majina zaidi ya 100, na wengi walioyatoa walikuwa wakitazama gamba tu.

Kisha kuna kinyume chake: Littorina arcana, aliyetenganishwa naye mwaka 1978 tu, ingawa wawili hao hupatikana kwenye mwamba mmoja na magamba yao yanaweza kufanana kabisa. Hapo mtafute jike aliyekomaa, vunja gamba taratibu, umweke chini ya hadubini. Jike wa saxatilis ana mfuko uliojaa vitoto, na vilivyokua tayari vina vigamba vyao. Wa arcana hutaga mayai ndani ya ute, kwa hiyo mahali pa mfuko huo utakuta tezi. Madume wa spishi hizi ni balaa. Mara nyingi naandika majina yote mawili kwenye lebo.

Kwa Littorina obtusata na Littorina fabalis, wale wa mviringo wanaoishi juu ya mwani, mambo hugeuka: dume ndiye shahidi. Tazama uume wake, nyuma ya papasio la kulia. Wa fabalis una ncha ndefu na tezi chache zilizojipanga safu moja. Wa obtusata una ncha fupi na tezi nyingi, safu zaidi ya moja. Mwani nao hudokeza, kwa sababu fabalis hupenda Fucus serratus wa chini ufukweni, lakini dokezo hilo liliwahi kuniponza. Nilijaza chupa nzima kwa kuamini mwani, nikabandika jina moja, na nilipoanza kupasua nikakuta wamechanganyika.

Magamba matupu yaliyotupwa na maji nayaandikia "Littorina sp.", yaani Littorina ambaye spishi yake haijatambuliwa, basi.